Kukatia baiskeli bima ya wizi na uharibifu: mwongozo kamili kwa Tanzania na Kenya

Baiskeli haina kadi ya usajili wala namba inayosomeka kwa mbali. Ikishatoka mlangoni pako, aliyeshika usukani ndiye anayeonekana kuwa mwenye mali. Kwa sababu hiyo dai la bima ya baiskeli huamuliwa mapema sana, pengine miezi kabla mwizi hajafika: kwa picha ya namba ya fremu, kwa risiti ya dukani, na kwa mstari mmoja wa mkataba unaotaja mahali baiskeli inapolindwa. Tutafuata hatua kwa mpangilio wa kazi yenyewe, na pale Tanzania na Kenya zinapotofautiana tutasema.

Bima gani hubeba baiskeli

Ukiingia ofisi ya bima ukaulizia bima ya baiskeli peke yake, mara nyingi utaambiwa hakuna. Usiondoke. Ulizia bima ya nyumba na vyombo vya ndani, maana humo ndimo baiskeli inamoingia. Kenya mkataba huu hugawanywa kwa herufi: A ni jengo, B ni vyombo vya ndani, C ni vitu unavyotoka navyo, D ni wafanyakazi wa nyumbani, E na F ni dhima ya mwenye nyumba na ya mkaazi kwa watu wengine. Mpangaji hahitaji kulipia A. Anaweza kuchukua B na C tu. Tanzania mpangilio unafanana, ingawa herufi na majina hubadilika kati ya kampuni na kampuni.

Tofauti ya B na C ndiyo inayowaumiza watu, kwa hiyo isome polepole.

Sehemu ya vyombo vya ndani hulinda kitu kikiwa ndani ya nyumba: moto, radi, mafuriko, bomba kupasuka, na wizi. Lakini wizi huo una sharti. Mwizi lazima awe ameingia kwa kuvunja au kwa kutumia nguvu, na alama zionekane: kitasa kilichong'olewa, wavu uliokatwa, nondo ya dirisha iliyopindwa. Baiskeli iliyoegeshwa barazani, chini ya ngazi za ghorofa, au uani huku geti limerudishwa tu, ikichukuliwa hakuna kilichovunjwa. Dai litakataliwa, na kampuni itakuwa na maandishi ya kujitetea. Wanaopanga chumba katika nyumba yenye ukumbi wa pamoja wako katika hatari hii kuliko wote, kwa sababu ukumbi hauhesabiwi kuwa ndani ya chumba chako.

Sehemu ya vitu unavyotoka navyo, ambayo hati nyingi huiandika "All Risks", hufuata kitu popote kilipo ndani ya mipaka iliyotajwa, na hubeba wizi pamoja na ajali. Simu, kompyuta, kamera na baiskeli ndiko mahali pake. Ada yake kwa kila shilingi ya thamani ni kubwa kuliko ya vyombo vya ndani, na ndiyo maana mawakala wengine huiweka baiskeli kwenye B ili bei ionekane nafuu. Kataa. Baiskeli inayokaa ndani muda wote ni mapambo. Yako inakwenda kazini, sokoni, shuleni. Iandikwe kwenye sehemu hii kwa jina la mtengenezaji, modeli, rangi, namba ya fremu na thamani yake. Maneno "baiskeli moja" hayatoshi.

Jambo la matumizi linahitaji ukweli mtupu. Mkataba wa nyumbani ni wa matumizi binafsi. Ukibeba abiria kwa malipo, kama wanavyofanya boda boda wa baiskeli (na neno boda boda lenyewe lilianzia kwa waendesha baiskeli waliovusha watu mpakani Busia), au ukisambaza maziwa, mikate au vifurushi, hayo ni matumizi ya biashara. Sema hivyo tangu mwanzo na uombe mkataba wa mali za biashara. Kukodisha kwa watalii na mashindano navyo hutengwa karibu katika kila mkataba wa kawaida.

Na kama baiskeli ni ya gia moja, ya chuma, yenye thamani ya laki mbili au tatu za Tanzania? Ushauri wetu ni kutoikatia bima. Kampuni huwa na ada ya chini kabisa isiyoshuka hata mali iwe ndogo kiasi gani, halafu kila dai lina kiasi unachobeba mwenyewe. Vikijumlishwa hivyo viwili, fidia inayobaki ni ya kununulia rimu na tairi. Pesa hiyo inunue kufuli zito.

Ushahidi: fanya siku ileile unayonunua

Ipindue baiskeli, isimamie siti na usukani. Tazama chini ya kile kipande kinene cha fremu ambamo mhimili wa pedeli hupita. Kwa baiskeli nyingi namba ya fremu imegongwa hapo. Kama haipo, tafuta kwenye bomba la siti karibu na kifundo chake cha juu, kwenye bomba la mbele chini ya usukani, au pale ekseli ya gurudumu la nyuma inapokaa. Mara nyingi utakuta grisi na vumbi vimeganda na namba haisomeki. Lowesha kitambaa kwa mafuta ya taa kidogo, sugua, kausha, kisha pitisha chaki nyeupe juu yake na ufute kwa kiganja. Chaki inabaki ndani ya mikwaruzo ya namba, nayo inajitokeza nyeupe juu ya rangi. Piga picha hapo, mwanga ukitoka ubavuni.

Iandike namba hiyo tarakimu kwa tarakimu na mwingine aisome kutoka kwenye fremu, wala asiisome kutoka kwenye karatasi yako. Sifuri na herufi O, 8 na B, 1 na I, 5 na S hufanana sana kwenye chuma. Kosa la herufi moja kwenye hati ya bima hugeuka kuwa baiskeli nyingine kabisa siku ya dai.

Picha nyingine unazohitaji ni hizi: baiskeli nzima upande wa cheni; wewe ukiwa umesimama kando yake; kila kifaa cha thamani kwa karibu, yaani gia, breki, magurudumu, taa, keria; alama yoyote ya pekee, kama mkwaruzo au stika; na kufuli likiwa limefungwa pamoja na funguo zake zote. Zitume kwenye barua pepe yako mwenyewe, kwa sababu simu nayo huibwa.

Risiti ni suala gumu, kwa kuwa baiskeli nyingi hapa zimetoka nje ya nchi zikiwa zimetumika na huuzwa na watu wasio na kitabu cha risiti. Hapo andikianeni hati ya mauziano: majina mawili, namba za vitambulisho, namba ya fremu, bei, tarehe, saini, na shahidi mmoja. Ikigongwa muhuri wa serikali ya mtaa au wa chifu, ni bora zaidi. Lipa kwa simu badala ya fedha taslimu, ili ujumbe wa muamala uwe ushahidi wa pili. Tanzania dai risiti ya EFD, na Kenya ile ya eTIMS, ambazo ni risiti za kielektroniki za kodi, pale duka linapokuwa na mashine au mfumo huo. Hakikisha jina kwenye hati ndilo litakaloandikwa kwenye bima. Baiskeli iliyonunuliwa na mjomba lakini ikakatiwa bima na mpwa itazua swali la nani aliyepata hasara.

Thamani: usipunguze ili ada ishuke

Uliza swali moja kabla ya kutaja kiasi chochote: mkilipa, mnalipa bei ya baiskeli mpya au thamani ya soko ya leo baada ya kutoa uchakavu? Jibu ndilo linalokupa namba ya kuandika. Kama wanalipa bei ya mpya, andika bei ya dukani leo ya baiskeli kama hiyo, hata kama wewe uliinunua kwa bei nafuu miaka mitatu iliyopita. Kama ni thamani ya soko, andika bei ambayo ingeuzwa leo. Ukiandika zaidi unalipia ada ya bure, kwa kuwa bima hurudisha hasara na haimtajirishi mtu.

Kuandika pungufu kuna adhabu yake. Tuseme baiskeli ina thamani ya KSh 120,000 nawe umeikatia bima ya 80,000. Inagongwa, na matengenezo ni 30,000. Wengi hudhani kwa kuwa 30,000 ni ndogo kuliko 80,000 watalipwa yote. Kampuni hukokotoa hivi: 80,000 gawanya kwa 120,000, zidisha kwa 30,000, unapata 20,000. Kisha hutoa kile unachobeba mwenyewe, tuseme 5,000. Mkononi unapata 15,000. Theluthi uliyoiacha nje ya bima umeibeba wewe mwenyewe.

Vifaa ulivyoongeza baadaye, kama siti ya mtoto, taa za kuchaji na mifuko ya keria, viandikwe kwa majina na bei. Mikataba mingi hailipi kifaa kilichong'olewa peke yake na baiskeli ikabaki. Hulipa pale tu vinapoibwa pamoja. Kwa baiskeli ya umeme, taja betri kwa namba yake na uulize waziwazi kama inalindwa ikiibwa yenyewe, kwani bei yake huwa sehemu kubwa ya bei ya baiskeli nzima.

Kujaza fomu na kulipa

Unaweza kupita kwa wakala, kwa dalali wa bima au benki. Wakala huuza kwa niaba ya kampuni. Dalali anakuwakilisha wewe na anaweza kukuletea bei za kampuni kadhaa. Yeyote utakayemchagua, hakiki leseni yake: Tanzania kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), Kenya kwa mamlaka inayosimamia bima, yaani IRA. Zote mbili zina orodha za waliosajiliwa kwenye tovuti zao.

Fomu ya maombi jaza kwa mkono wako. Wakala akisema "wewe saini tu, mengine nitajaza mimi", chukua fomu uende nayo nyumbani. Sheria ya bima inamtaka mwombaji aseme kila jambo zito linalohusu hatari, na jibu la uongo lililoandikwa na wakala chini ya saini yako ni lako. Sema kama uliwahi kuibiwa, baiskeli inalala wapi usiku, nani mwingine huiendesha.

Kabla ya kulipa, pata majibu ya haya kwa maandishi, hata kwa barua pepe:

1. Baiskeli ikiwa imefungwa mahali pa umma, wizi unalindwa? Kufuli la aina gani linatakiwa, na lazima lishikamane na kitu kisichohamishika?
2. Mipaka ni ipi: nchi moja, Afrika Mashariki, au zaidi?
3. Nikiisafirisha kwenye buti la basi au juu ya gari, inalindwa?
4. Nyumba ikikaa bila mtu siku ngapi mfululizo ndipo kinga ya wizi husimama?
5. Kwenye kila dai mimi ninabeba kiasi gani, asilimia au kiasi maalum?
6. Nina saa au siku ngapi za kutoa taarifa ya hasara?

Swali la nne hupuuzwa. Anayefunga nyumba mwezi mzima kwenda kijijini Desemba anaweza kurudi akakuta mlango umevunjwa na kinga yake ilishasimama wiki kadhaa nyuma.

Ada hukokotolewa kwa asilimia ya thamani. Chukua mfano wa asilimia 5, ambao ni wa kuonyesha hesabu tu. Kenya, baiskeli ya KSh 80,000 inatoa ada ya 4,000. Juu yake kuna tozo ya mafunzo ya bima asilimia 0.2, yaani shilingi 8, mchango wa mfuko wa kuwafidia wenye bima asilimia 0.25, yaani 10, na ushuru wa stempu 40. Jumla 4,058. Tanzania, baiskeli ya TSh 1,500,000 inatoa ada ya 75,000, na VAT kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18 ni 13,500; jumla 88,500. Ukiona tozo ambayo hukuelezwa, iulizie kabla hujatoa pesa.

Lipa kwa akaunti au namba ya malipo ya kampuni, kamwe si kwa simu ya wakala. Kinga huanza ada inapolipwa. Hati ikifika, isome siku hiyohiyo: jina, namba ya fremu, sehemu iliyoandikwa, tarehe. Kosa likirekebishwa leo ni barua moja. Likigunduliwa baada ya wizi ni ugomvi.

Kufuli na sharti la kufunga

Mkataba ukisema baiskeli iwe imefungwa kwenye kitu kisichohamishika, maana yake ni nguzo iliyozikwa, nondo ya dirisha, au kipete kilichochimbiwa kwenye zege. Kufunga gurudumu kwa fremu yake yenyewe ukaiacha imesimama haitoshi: mtu ataibeba begani.

Waya uliovikwa plastiki hukatwa kwa koleo la kawaida kwa sekunde chache. Mnyororo mwembamba wa milimita 8 hushindwa na mkasi wa kukatia vyuma unaofichika ndani ya koti. Kufuli la umbo la U la chuma kigumu, au mnyororo uliokomazwa wa milimita 13 na kuendelea, humlazimisha mwizi kutumia grainda, na grainda ina kelele na cheche. Lipitishe kufuli kwenye fremu, gurudumu la nyuma na nguzo kwa pamoja, na libane nafasi: tundu kubwa linalobaki ndani ya U ndimo jeki au bomba la kupindulia linapoingizwa. Tundu la ufunguo lielekee chini. Gurudumu la mbele, kama lina mkono wa kufungulia haraka, lipitishie waya wa ziada.

Tunza risiti ya kufuli na funguo zote mbili zilizokuja nalo. Kampuni inaweza kuziomba zote kama uthibitisho kwamba kufuli lilikuwepo na halikuachwa wazi.

Wasomaji walio Ulaya watakuta masharti haya yamepewa madaraja rasmi. Uholanzi mikataba mingi hutaka kufuli lenye alama ya ART, inayoonyesha kwa nyota jinsi kufuli lilivyo imara, kwa kawaida nyota mbili au zaidi, na kurudisha funguo mbili wakati wa dai. Uingereza hutumia madaraja ya Sold Secure, shirika linalopima kufuli, kulingana na bei ya baiskeli. Ujerumani bima ya vyombo vya ndani hulinda baiskeli iliyokuwa ndani ya chumba kilichofungwa. Wizi wa barabarani unahitaji kipengele cha kuongeza, na baadhi ya mikataba ya zamani haikulindi kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi isipokuwa ulikuwa bado unaitumia.

Ikiibwa

Usiguse kufuli lililokatwa kabla ya kulipiga picha pale lilipoanguka, kisha libebe. Watu wengi hulitupa kwa hasira, na hilo ndilo shahidi wao mkubwa. Piga picha ya nguzo, ya mahali, na ya kamera za ulinzi zilizo jirani. Nenda kwa wenye kamera siku hiyohiyo, kwa sababu mitambo mingi hufuta picha zake yenyewe baada ya siku chache.

Nenda kituo cha polisi cha eneo ulikoibiwa. Tanzania upewe namba ya RB, yaani ya kitabu cha taarifa cha polisi. Ile taarifa ya mtandaoni ya kupotelewa mali ni kwa vitu vilivyopotea. Usikubali wizi wako uandikwe kama upotevu, kwa maana mkataba unalipa wizi na neno hilo moja litakurudisha kituoni. Kenya upewe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, na baadaye uchukue abstract ya polisi, hati inayothibitisha taarifa yako. Soma kilichoandikwa kabla ya kuondoka: namba ya fremu iwemo, saa iwe sahihi, na pawe pameandikwa kwamba kufuli lilikatwa.

Kisha iarifu kampuni kwa maandishi ndani ya muda wa mkataba. Simu kwa wakala peke yake haihesabiki. Jaza fomu ya dai, ambatisha hati ya polisi, risiti au hati ya mauziano, picha, funguo na kufuli. Toa nakala ya kila karatasi na upigiwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Maelezo uliyotoa polisi na yale ya fomu yalingane hadi saa. Tofauti ndogo ndiyo inayomfanya mchunguzi aanze kushuku.

Ikiharibika

Usitengeneze kwanza. Piga picha, toa taarifa, subiri mkadiria hasara aione au kampuni ikuruhusu kwa maandishi. Vipande vilivyovunjika viweke kwenye mfuko.

Makadirio ya gharama ndiyo hukwama. Fundi wa chini ya mwembe anaweza kuwa bora kuliko wa dukani, lakini hana karatasi. Mwombe aandike kila kipuri mstari wake: rimu ya nyuma, spoku 36, kunyoosha foki, ufundi, kila kimoja na bei, kisha jina lake, simu na saini. Ongeza bei za vipuri kutoka duka moja la pili ili kampuni iwe na cha kulinganisha.

Jua pia kisicholipwa: pancha, tairi lililolika, cheni iliyolegea, kutu, gololi zilizosagika. Huo ni uchakavu. Fremu ya chuma iliyopinda fundi hodari huinyoosha. Ya alumini iliyopasuka kwenye kiungio haichomelewi ikarudi nguvu yake kwa urahisi. Ya kaboni inaweza kuwa na ufa usioonekana baada ya kugongwa, kwa hiyo sisitiza ikaguliwe na anayeijua kaboni kabla hujakubali malipo ya kupaka rangi.

Ukigongwa na gari au pikipiki, anza na bima ya aliyekugonga, maana mkataba wa dhima kwa mtu wa tatu kwa kawaida hubeba pia mali ya aliyegongwa. Chukua namba ya gari, namba ya bima yake, jina la kampuni, na muite polisi waje kupima ajali. Tanzania uhalali wa bima ya gari huhakikiwa kwa namba yake kwenye mfumo wa TIRA. Ukikubali "tumalizane hapa" kwa noti mbili barabarani na kesho goti likavimba, utakuwa umejifungia mlango.

Malipo, na wakikataa

Kabla ya pesa utapewa hati ya kukubali malipo. Ukiisaini umesema hudai tena. Linganisha kiasi na hesabu: thamani, uchakavu, sehemu unayobeba. Kama hukubaliani, andika pingamizi kabla ya saini, si baada yake. Baada ya dai kubwa, uliza pia kama kiasi cha bima kimepungua na unatakiwa kuongeza ada ili kirudi kilivyokuwa.

Wakikataa, omba barua inayotaja kipengele cha mkataba. "Tumekataa" bila kipengele si jibu. Jibu kwa maandishi ndani ya kampuni kwanza. Ukishindwa, Kenya peleka malalamiko IRA. Tanzania nenda TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima (TIO), ambako huhitaji wakili. Beba faili zima: fomu, hati, RB au OB, barua zao na zako, zikiwa zimepangwa kwa tarehe.

Na baiskeli ikipatikana baada ya kulipwa, si yako tena. Ni ya kampuni, nayo inaweza kukuuzia ukiitaka. Wajulishe mara polisi wanapokupigia. Kuichukua kimya huku ulishapokea fidia kunaweza kuwa kosa la jinai.